Wasomaji Wanauliza: Forodha, Ushuru na KMKM

SWALI: Nimenunua friji mbili na vyombo Dubai kwa dola 1,000. Mzigo uko bandari ya Malindi, Unguja, lakini forodha wameandika thamani kubwa kuliko ankara yangu. Wana haki hiyo? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

JIBU: Tuanze na hesabu, maana mara nyingi ankara haijakataliwa. Forodha hapa Zanzibar iko chini ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), na inafuata Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Ushuru unatozwa kwa bei ya mali pamoja na nauli na bima mpaka bandarini. Tuseme nauli ni dola 180 na bima 20: thamani ya forodha ni 1,200. Bidhaa ikiwa kwenye kundi la asilimia 25, ushuru ni 300. Halafu VAT (kodi ya ongezeko la thamani) inapigwa juu ya 1,500, si juu ya 1,200. Hapo wengi hushtuka.

Ikiwa ile 1,000 yenyewe ndiyo iliyopandishwa, basi ankara imetiliwa shaka. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono "friji 2", bila modeli wala ujazo wa lita, haimpi afisa kitu cha kushika. Atatazama bei ya friji za aina hiyo zilizoingia karibuni. Mpelekee wakala wako wa forodha karatasi ya benki inayoonesha malipo, ili aiambatanishe. Na tafadhali, muuzaji asikuandikie bei ya chini kwa kukuonea huruma. Hilo ni kosa la jinai, na mali inaweza kutaifishwa.

Hukuridhika bado? Mwandikie Kamishna wa Forodha kuomba mapitio ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Naye ana siku 30 za kujibu, na akinyamaza, sheria inahesabu amekubali ombi lako. Wachache wanalijua hili, na ni haki yenu. Wakati unasubiri, omba mzigo uachiwe kwa kulipa ushuru uliokadiriwa au kuweka dhamana, kwani gharama za kuhifadhi hazingoji. Angalia pia kama wakala amewasilisha tamko la mzigo forodhani: muda ni siku 21 tangu meli ianze kushusha.

SWALI: Sisi wenye vyombo tunasimamishwa baharini na KMKM. Nao ni forodha? (Msomaji, Wete)

JIBU: La. KMKM, yaani Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ni cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kazi yake ni kuzuia magendo baharini. Kukadiria ushuru ni kazi ya forodha, na malipo yake yana stakabadhi. Usimpe mtu fedha taslimu juu ya maji. Nahodha awe na orodha ya mzigo inayolingana na kilichomo, gunia kwa gunia.

Karafuu ndiyo inayowaponza zaidi. Mnunuzi wake kisheria ni ZSTC (Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar) peke yake, na bei ikiwa nzuri upande wa Kenya, magunia huanza kuvushwa usiku. Ukimbebea mtu gunia moja kwa kumsitiri, ukakamatwa, chombo chako nacho kinaweza kushikiliwa.