Maswali ya Wasomaji: Udereva wa Kujihami

Ndugu wahariri, kampuni yetu ina pikapu 11 zinazopeleka maofisa vijijini. Chuo kimoja kinatoa darasa la siku moja kwa madereva wote. Kingine kinatoza zaidi, ni siku mbili, na kinajivunia uwanja wa maji wa kujifunzia kudhibiti gari linaloserereka. Tuchukue kipi?
*Msimamizi wa usafiri, Morogoro*

Waulizeni wote wawili: kila dereva atashika usukani kwa dakika ngapi? Watu 20, mwalimu mmoja na projekta ni semina tu. Kinachobadilisha tabia ni mwalimu mmoja na madereva watatu ndani ya gari wanalolitumia kazini, kila mmoja akiendesha angalau dakika 40 kwenye njia zao za kawaida, huku akitamka kwa sauti anachokiona na anachokusudia kufanya: "Bodaboda kushoto, hajageuka kutazama, naachia mafuta." Anayenyamaza nusu dakika ameacha kutazama mbali. Mwalimu ajaze fomu ya tathmini kabla na baada. Chuo kisichokupa fomu hizo kimekuuzia cheti.

Uwanja wa maji usiwatie tamaa. Norway iliwahi kuwapitisha madereva wapya kwenye mafunzo ya barabara zenye utelezi, na katika miaka ya 1980 ikaonekana kwamba vijana wa kiume waliopitia mafunzo hayo walipata ajali zaidi. Walitoka wakijiamini kupita uwezo wao.

Kwa pikapu zenu, muda huo utumike kwenye jambo linalopindua magari huku kwetu: tairi la kushoto kutoka nje ya lami. Dereva hushtuka, akakata usukani kulia. Tairi hugonga ukingo wa lami, hukataa kupanda, kisha hupanda ghafla likiwa bado limekunjwa, na gari huvuka upande wa pili au hupinduka. Dawa yake: shika usukani kwa mikono miwili na uuweke sawa, achia mafuta, usikanyage breki, acha spidi ishuke mpaka 30 hivi, angalia vioo, ndipo upande kwa kukunja kidogo tu. Zoezi hili lifanywe kwa spidi ndogo, tena na tena, mpaka mikono iache kukurupuka.

Na ninyi wa ofisini mna somo lenu. Kwenda Iringa, kuhudhuria mkutano na kurudi Morogoro siku hiyohiyo ni kilometa 600 hivi, na hakuna kozi inayotibu ratiba ya namna hiyo. Kifaa cha kufuatilia magari kikionyesha breki nyingi za ghafla kwa dereva mmoja, msimkate mshahara kwanza. Mara nyingi anakaa karibu mno na gari la mbele. Mrudisheni kwa mwalimu.

Wakubwa, nashusha mteremko wa Kitonga na semitrela yenye mzigo kwenda Dar. Wenzangu wanasema ukigusa breki kidogokidogo muda wote haziungui. Ni kweli?
*Dereva, Makambako*

Si kweli, na ushauri huo umeunguza breki nyingi. Breki inayoguswa muda wote haipati nafasi ya kupoa. Drami ikipata joto hutanuka na kujitenga na viatu vya breki, navyo viatu hupoteza msuguano. Utakanyaga, upepo upo, lakini gari haling'ati. Moshi ukionekana kwenye magurudumu ya tela, ujue umeshachelewa.

Kazi ya kushikilia gari ni ya gia na breki ya ekzosi au ritada, yaani vifaa vinavyopunguza mwendo bila kutumia breki za magurudumu. Chagua gia ukiwa bado huko juu, kabla mteremko haujaanza, kwa sababu katikati ukikosa kuingiza gia umebaki na breki tupu. Kipimo cha wazee, kwamba gia ya kupandia ndiyo ya kushukia, ni pa kuanzia tu. Kwa injini za siku hizi mara nyingi inabidi uingize ndogo zaidi. Kama spidi salama kwa mzigo wako ni 30, iache ifike 30, kanyaga kwa uthabiti sekunde tatu hivi mpaka ishuke kwenye 22, achia kabisa, iache ipande tena. Breki ya mkono ya tela usiitumie peke yake kushukia, maana mzigo wote wa joto unaubebesha upande mmoja. Ukiwa mtupu na mvua inanyesha, zima breki ya ekzosi: inaweza kufunga magurudumu ya nyuma na kichwa kikajikunja na tela.

Na kwa wale wanaoachia free (kutoa gia) mteremkoni ili kuokoa mafuta: injini ya kisasa ikiwa ndani ya gia kwenye mteremko, bila kukanyagwa mafuta, hukata mafuta yenyewe. Ukiweka free inaanza kuyanywa. Kwa hiyo unahatarisha roho na bado unapata hasara.

Lori la mbele likiniwashia indiketa ya kushoto, nipite?
*Msomaji, Kahama*

Indiketa hiyo ichukulie kama taarifa. Ruhusa ujipe mwenyewe. Huenda anakata kushoto tu, au ameona barabara tupu kwa macho yake, yaliyo juu kuliko yako, sekunde tano zilizopita.

Piga hesabu. Semitrela ya mita 18 inakwenda 60, wewe 80. Ukijumlisha nafasi ya kutokea nyuma yake, urefu wa magari yote mawili na nafasi ya kurudi mbele, unahitaji kuipita kwa kama mita 75. Tofauti ya spidi zenu ni mita 5.6 kwa sekunde, kwa hiyo utakaa upande usio wako sekunde 13 hadi 14. Katika muda huo wewe unakwenda mita 300, na anayekuja kwa 80 naye mita 300. Kama huoni mita 600 tupu na ziada juu yake, kaa nyuma. Tena kaa nyuma kwa mbali, sekunde tatu: ukijibana kwenye tela huoni kitu, na vioo vya dereva wa lori havikuoni wewe.

Habari za kazi. Gari langu jipya lina ABS. Juzi nilikanyaga breki kwa nguvu, pedali ikatetemeka na kunguruma, nikashtuka nikaachia. Imeharibika?
*Mama wa watoto wawili, Mbezi*

Haijaharibika, dada. ABS ni mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki kwa nguvu, na mtetemo ndio mfumo wenyewe ukifanya kazi. Kosa ni kuachia. Kanyaga kwa nguvu zote, endelea kukanyaga, na usukani upeleke kwenye nafasi iliyo wazi, kwa sababu ABS imewekwa ili uweze kukunja kona huku umekanyaga breki. Usitarajie gari lisimame karibu zaidi kwenye changarawe. Huko linaweza kwenda mbali zaidi.

Tafuta uwanja mtupu, toa vitu vilivyolegea ndani ya gari, fika 40 na ukanyage mara tano au sita. Watu wengi mara ya kwanza hukanyaga nusu tu ya nguvu inayotakiwa. Chunguza pia kiti: mgongo ukiwa umeegemea, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani, na ukikanyaga breki mpaka mwisho goti libaki limekunjika kidogo. Aliyekaa mbali hana nguvu ya mguu.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vinasaidia safari za usiku?
*Dereva wa Noah, Singida*

Kwa muda mfupi. Kafeini huchukua kama nusu saa kufanya kazi, basi kunywa, egesha pahala salama, lala dakika 15 hadi 20, uamke inapoanza. Mirungi hailipi usingizi unaodaiwa. Ukishtuka mara moja hukumbuki kilometa iliyopita, safari ya usiku huo imekwisha. Wapigie wanaokusubiri uwaambie utafika asubuhi.