Sera ya nishati imejificha ndani ya inveta

Ndugu muulizaji, nimekuelewa hivi: betri zimeshuka bei, haidrojeni inatajwa katika kila kongamano, vinu vidogo vya nyuklia navyo vinapigiwa debe, na wewe unataka kujua serikali ichague teknolojia ipi kwanza na iitungie sera gani. Nimefanya kazi ya umeme kwa miaka 17, saba ya mwanzo kwenye laini za usambazaji na iliyobaki nikifunga mifumo ya sola na betri, na kwa uzoefu huo naona swali lako limeanzia mbali mno. Teknolojia huingia yenyewe bei ikikubali. Kinachoamua kama itawafaa watu au itawagombanisha huwa kimekaa mahali ambapo watunga sera hawapachungulii, yaani katika nambari tatu au nne ambazo fundi huziingiza kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi, siku ya kuiwasha.

Nieleze kosa langu mwenyewe. Kulikuwa na mtaa wenye nyumba kama 20 zinazohudumiwa na transfoma moja, na ndani ya miaka mitatu nusu ya nyumba hizo zilikuwa na paneli juu ya paa. Mwenye nyumba ya mwisho wa laini alinipigia simu akilalamika kwamba kila siku ya jua kali, ikifika saa tano, inveta yake huzima, hukaa dakika chache, hujiwasha, kisha huzima tena, na huendelea hivyo mpaka saa tisa alasiri. Kwenye kioo chake palikuwa na ujumbe mmoja tu, kwamba volteji ya gridi imezidi. Inveta ilikuwa nzima kabisa. Umeme ukitoka majumbani kuelekea kwenye transfoma, volteji hupanda kadiri unavyokwenda mbali na transfoma kuelekea mwisho wa waya, na katika mifumo ya volti 230 kikomo cha kawaida ni asilimia 10 juu yake, yaani volti 253. Aliye jirani na transfoma alikuwa akisoma 244 na kuuza umeme wake mchana kutwa. Wa mwisho alikuwa akisoma 254 na kufungiwa nje, ingawa wote wawili walinunua mitambo ileile na kujaza fomu ileile.

Mteja alinisihi, nami nilikuwa na nywila ya fundi. Nilipandisha kikomo chake hadi volti 258, inveta ikatulia, akanishukuru sana. Wiki mbili baadaye simu ikatoka nyumba ya pili kutoka mwisho: inveta yake, ambayo haikuwahi kusumbua, sasa ilikuwa ikizima saa sita mchana. Nilichokuwa nimefanya ni kuhamisha zamu ya kuzimwa kutoka kwa mteja wangu kwenda kwa jirani yake, na juu ya hayo nikaziacha friji na televisheni za mtaa ule kwenye volteji ambayo hazikuundiwa. Nilirudi nikaiweka tena 253 bila malipo, na mteja yule hajanipigia tangu siku hiyo.

Kitaalamu dawa ipo. Inveta za kisasa zinaweza kupunguza nguvu kidogo kidogo kadiri volteji inavyopanda, badala ya kuzima ghafla. Lakini apunguze nani? Ukiiacha kila inveta iangalie volteji ya mlangoni pake, wa mwisho wa laini ndiye atakayepoteza zaidi. Ukitaka wote wapunguze sawa, lazima pawe na mawasiliano kati ya mitambo yao na mtu wa kuyasimamia. Ukitaka asipunguze mtu, uvutwe waya mnene zaidi au transfoma ibadilishwe, na gharama hiyo watalipa wenye paneli, au watagawana na wapangaji wa mtaa uleule ambao hata paa la kuwekea paneli hawana. Hakuna fundi mwenye mamlaka ya kuamua jambo hilo, ila mahali ambapo sheria imenyamaza huamuliwa na fundi, au na kiwanda kilichotuma inveta ikiwa na nambari zake tayari.

Ukidhani hayo ni mambo ya mtaani tu, tazama yaliyoipata Ujerumani. Sheria yake ya mwaka 2000 ya nishati jadidifu iliwahakikishia wenye paneli bei maalumu kwa miaka 20, na paneli zikaongezeka kwa kasi. Kanuni za kuunganisha mitambo midogo zilitaka kila inveta ijitoe mara moja endapo frikwensi ya gridi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo kwa kawaida ni hezi 50, itafika 50.2. Kanuni hiyo iliandikwa wakati paneli zilikuwa chache, na wakati huo haikuwa na madhara. Kufikia mwisho wa 2011 kulikuwa na takriban megawati 25,000 za sola nchini humo, nyingi zikiwa na agizo lilelile, wakati akiba ambayo gridi nzima ya bara la Ulaya huiweka tayari kufidia upotevu wa ghafla ni megawati 3,000. Mchana wa jua kali, frikwensi ikigusa 50.2, inveta zote zingeondoka kwa pamoja. Tena hofu hiyo haikuwa ya kubuni, kwa sababu tarehe 4 Novemba 2006 gridi ya Ulaya ilikuwa imekatika vipande vitatu, na upande mmoja frikwensi ilivuka kiwango hicho. Mwaka 2012 ikabidi itungwe kanuni ya kurekebisha mitambo zaidi ya 300,000, mafundi wakipita mmoja mmoja, na gharama ikaishia kwenye bili za watumiaji umeme. Mjadala wa wanasiasa miaka yote hiyo ulikuwa juu ya ruzuku. Hatari yenyewe ilikaa kwenye tarakimu iliyo nyuma ya nukta.

Hawaii walikumbana na tatizo la namna hiyo mwaka 2015 na wakalimaliza kwa njia nyingine kabisa. Enphase, kampuni inayotengeneza inveta, ilibadilisha mpangilio wa inveta zake ndogo zipatazo 800,000 kwa siku moja, kupitia intaneti, bila fundi kupanda paa hata moja. Kama fundi nilistaajabu, kisha nikaogopa, kwa maana mkono unaoweza kuzirekebisha inveta 800,000 kwa siku moja unaweza pia kuzizima. Lithuania wamelichukulia jambo hilo kwa uzito: mwaka 2024 bunge lao lilipitisha sheria inayowazuia watengenezaji wa Kichina kuidhibiti kutoka mbali mitambo ya sola, upepo na betri inayozidi kilowati 100. Unaweza kusema wamesukumwa na siasa za ujirani wao, na pengine ni kweli, lakini walichokiuliza kinamhusu kila anayenunua inveta yenye intaneti.

Sasa nije kwenye betri ulizozitaja. Watu wengi wanaijua ile ya Hornsdale huko Australia Kusini, iliyowashwa mwaka 2017 ikiwa na megawati 100 na uwezo wa kuhifadhi megawati-saa 129, mwaka mmoja baada ya jimbo zima kuzimika. Sifa ya betri ni wepesi; hujibu ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, wakati mtambo wa gesi uliozimwa huhitaji dakika kadhaa kuamka. Hata hivyo soko la umeme la Australia lilikuwa likipanga uzalishaji kila dakika 5 na kulipa kwa wastani wa dakika 30, kwa hiyo betri iliyookoa gridi katika dakika tano za shida ililipwa bei iliyopozwa na dakika 25 za utulivu. Kipindi cha malipo kilishushwa hadi dakika 5 tarehe 1 Oktoba 2021. Kwa maoni yangu badiliko hilo dogo la kihasibu lina uzito kuliko hotuba nyingi za kuzindua miradi. Uingereza nako betri ilitozwa tozo kama mtumiaji inapochaji na tena kama mzalishaji inapotoa umeme, kwa kuwa sheria haikuwa na neno la kuitambulisha; mwaka 2023 ndipo bunge lilipouandika uhifadhi wa umeme waziwazi kuwa sehemu ya uzalishaji.

Juu ya haidrojeni nitasema machache. Kilo moja inayotokana na kuyatenganisha maji kwa umeme hula kilowati-saa 50 hadi 55, na ukiirudisha kuwa umeme utabakiwa na kama theluthi moja ya ulichoweka. Ina nafasi yake katika mbolea na chuma, si katika taa za nyumbani. Swali lake la sera ni umeme wenyewe unatoka wapi, na Umoja wa Ulaya umelijibu kwa kutaka kwamba kuanzia 2030 uzalishaji wa haidrojeni ulinganishwe na umeme jadidifu saa kwa saa, ambapo kabla ya hapo inatosha mwezi kwa mwezi. Tofauti kati ya saa na mwezi ni kubwa mno, kwa sababu kwa hesabu ya mwezi unaweza kuendesha mtambo usiku kwa makaa ya mawe na kujisafisha kwa jua la wiki ijayo.

Vinu vidogo vya nyuklia sijawahi kuvikaribia, kwa hiyo nawaachia wanaovijua.

Ukilazimika kumwandikia mdhibiti wa nishati barua moja, usimwulize atachagua teknolojia gani. Mwulize nambari za kuanzia za inveta zinaamuliwa na nani, zinapitiwa upya kila baada ya muda gani, anayezimwa mwisho wa laini analipwa fidia au halipwi, na ufunguo wa kuibadilisha mitambo kutoka mbali uko mikononi mwa nani. Ukiwa hapo, mwulize na nywila za mafundi zinahifadhiwaje. Ile niliyoitumia kupandisha zile volti 258 sikupewa na mtu. Ilikuwa imechapwa katika ukurasa wa mwisho wa kitabu cha maelekezo, na kila mteja hupewa kitabu hicho ndani ya boksi.