Uzi wa kijani kila baada ya safu kumi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Majira yanapobadilika, unamuduje kulea, kusoma na kufuma bila kuacha hata kimoja?" Nililisoma swali hilo mara mbili, kisha nikaenda kulitazama kapu langu la nyuzi, maana jibu langu limo humo.

Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka 7 na mdogo ana miaka 3. Jioni ninasomea uhasibu. Kufuma ndiko kulikotangulia yote hayo. Tangu utotoni tunaambiwa mshika mawili moja humponyoka, na mwaka wangu wa kwanza wa masomo niliusadiki msemo huo kabisa, kwa sababu nilitaka kuyafanya yote matatu katika saa ileile: kitabu mapajani, sindano mikononi, mtoto ubavuni. Kitanzi kikaponyoka, hesabu ikanipotea, na mtoto akawa anazungumza na mtu asiyemsikia. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma.

Kilichonibadilisha ni usiku mmoja ambapo mdogo aliichomoa sindano yote kwenye sweta la kaka yake. Vitanzi 150 vikabaki wazi. Nilipojaribu kuvidaka vikazidi kufumuka, na mwisho nilifumua safu zipatazo 40. Safu moja hunichukua kama dakika 5, kwa hiyo zaidi ya saa 3 za kazi zilikwenda. Nililia, na sijutii kulia. Kesho yake shangazi, aliyenifundisha kufuma nikiwa binti mdogo, alitoa kwenye mkoba wake uzi mwembamba wa kijani na sindano butu ya kushonea. "Mwanangu," akasema, "kila ukimaliza safu 10 pitisha uzi huu ndani ya vitanzi vyote, uuache hapo. Sindano ikichomolewa tena, kazi itafumuka hadi kwenye uzi, haitavuka."

Nilifanya hivyo kwenye sweta. Wiki chache baadaye nikagundua kwamba nilichokosa kwenye masomo ni uzi wa aina hiyohiyo. Mzazi hasomi hadi mwisho wa sura, husoma hadi atakapoitwa. Ukiitwa katikati ya usuluhishi wa hesabu za benki, yaani kuoanisha daftari la fedha na taarifa ya benki, ukarudi baada ya dakika 40, unaanza upya kana kwamba hukuwahi kukaa. Sasa kabla sijainuka, hata mtoto akiwa analia, ninaandika sentensi moja kwenye daftari: nimefika wapi, na hatua inayofuata ni ipi. Ni sekunde 20 tu. "Hundi mbili hazijafika benki, nizitoe kwenye salio la taarifa ya benki." Nikirudi ninaanzia hapo. Wala vipande hivyo vifupi si hasara kama nilivyodhani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika utafiti wake juu ya kumbukumbu aliouchapisha mwaka 1885, alieleza kwamba marudio yaliyogawanywa kwa siku kadhaa hushika kuliko yaliyorundikwa kwa mkupuo mmoja. Mtihani wangu wa mwisho niliusomea hivyo, vipande vipande, na niliyoyasoma yalikuwapo nilipoyahitaji.

Kuna masomo yanayokubali sindano na yasiyokubali. Nadharia ya ukaguzi ninaisikiliza kwenye rekodi huku nikifuma safu za kawaida, zile ambazo vidole vinazijua bila macho. Mahesabu ya mizania hayachanganyiki na kitu. Jioni za mahesabu kapu hufungwa, mume wangu huwaogesha watoto na kuwalaza, na mimi ninashika penseli peke yake. Na kuna saa moja, kuanzia wanaporudi shule hadi chakula cha jioni, ambayo haina kitabu wala uzi. Saa hiyo ni ya watoto, na sitaiuza hata wiki ya mtihani.

Sasa majira. Kosa linalotukuta wengi ni kungoja baridi ndipo tufume nguo za baridi. Baridi ikianza, mikono ya sweta la mwaka jana inaishia juu ya kifundo, maana mtoto wa umri wa mwanangu huongezeka kama sentimita 6 kwa mwaka. Mafua nayo yanaingia nyumbani, na kwangu mitihani huangukia wakati huohuo. Kwa hiyo mimi hufuma baridi ndani ya joto. Lakini joto lina masharti yake: mikono hutoka jasho, sufu hung'ang'ania sindano, na kazi kubwa iliyokulalia mapajani inachosha. Ndiyo maana wakati wa joto ninafuma vipande vidogo tu, kofia, soksi, mikono ya sweta. Kiwiliwili ninakingoja hewa ipoe.

Kabla ya yote ninafuma sampuli, mraba wa kama sentimita 15 kila upande, ninaufua, ninaukausha, ndipo ninapima ni vitanzi vingapi vinaingia kwenye sentimita 10. Najua wanaoiona ni kupoteza muda, na mwenye muda kidogo ndiye huiruka. Nawasihi msiiruke. Sweta la mwanangu lilihitaji vitanzi 22 kwa kila sentimita 10, ndipo vitanzi 150 vitoe mzunguko wa kifua wa sentimita 68. Mkono ukilegea ukapata vitanzi 20, vitanzi vilevile 150 vinatoa sentimita 75. Jioni moja ya sampuli imeniokolea wiki nzima.

Mwaka jana baridi iliniwahi. Kiwiliwili kilikuwa tayari, ila mkono mmoja ulikuwa bado na mtihani ulikuwa wiki mbili mbele. Nilikaa nalo hilo jioni nzima. Kisha nikafunga ukingo wa mashimo ya mikono, nikampa mwanangu kizibao, akakivaa juu ya shati la mikono mirefu hadi mitihani ilipokwisha. Ndipo nikaokota vitanzi kwenye ukingo uleule nikaifuma mikono kuelekea chini. Ule niliokuwa nimeutanguliza niliufumua nikautumia uzi wake. Nimeipenda njia hiyo kiasi kwamba sasa ninaifuata kwa makusudi: mkono uliofumwa kwenda chini hurefushwa kwa kufumua ukingo wa kifundo na kuendelea. Kwa hiyo ninabakiza donge moja la uzi uliotiwa rangi mkupuo mmoja na ule wa sweta. Rangi za mikupuo tofauti hazilingani, hata jina la rangi likiwa lile lile.

Nimalizie na usiku wa mafua, maana ndio ulionionyesha kwa nini siachi kufuma hata masomo yanapobana. Mdogo alikuwa na homa, hakutaka taa wala kubebwa, alitaka tu niwepo. Kusoma gizani haiwezekani, na kukaa bila kitu mkononi kulikuwa kunanijaza hofu. Nilifuma safu za kawaida gizani, nikihesabu vitanzi kwa kidole, nikisimama kila mara kumgusa paji la uso. Alikuwa akisikia sindano zikigongana na kusinzia. Nikizisimamisha, alikuwa akiuliza, "Mama, umeenda?" Nikawa ninajibu, "Nipo," ninaendelea. Kulipopambazuka homa ilikuwa imeshuka, na nilikuwa nimefuma safu 20 za kiwiliwili cha sweta lake.

Ndilo lililomo kapuni leo ninapowaandikia. Limefika safu ya 60, na uzi wa kijani uko mahali pake. Mkubwa ameniita mara mbili nimtazamie hesabu zake za kutoa, kwa hiyo ninaandika kwenye daftari nilipofika, kisha ninakwenda.