Seli “binafsi” ni ya nani?

SWALI: Natafsiri muhtasari wa mradi wa kuunda vifaa vya spektrometria ya tungamo (njia ya kutambua molekuli kwa tungamo lake, yaani kiasi cha maada kilichomo) vya kuchunguza seli. Niliandika “uchambuzi wa seli moja”. Mhariri amegeuza kuwa “uchambuzi wa seli binafsi”, kisha akaongeza kwamba mashine hiyo “hupima uzito wa seli”. Nani kati yetu yuko sahihi? — Mtafsiri, Morogoro

JIBU: Hakuna. Wewe umekosea kidogo, mhariri wako amekosea sana, na kwa kuwa hilo “binafsi” lina mazoea ya kuingia kila mahali bila hodi, nitaanza nalo.

Binafsi limetoka Uarabuni na nafsi yake ndani: bi-nafsi, “kwa nafsi”. Ndiyo maana hutulia palipo na mtu. Mimi binafsi sikubali. Alikuja yeye binafsi. Kutoka hapo likasogea hadi kwenye vitu na mambo yenye mwenyewe: gari binafsi, taarifa binafsi, sekta binafsi, ambayo Wakenya huiita ya kibinafsi. Ukiuliza “ya nani?”, jibu lipo. Sasa seli binafsi ni ya nani? Na kwa kuwa seli vilevile ni chumba cha mahabusu, msomaji ana haki ya kumwona mshtakiwa mwenye pesa zake aliyelipia chumba cha peke yake, chenye feni.

Mtazame mtu anayechambua mchele. Uchambuzi wenu huo wa kwenye muhtasari ni ndugu wa kuchambua huku. Ungo mapajani, kidole kinapita, jiwe linatoka, chuya inatoka. Mwulize anachambuaje, atakujibu: punje moja moja. Hawezi kusema “punje binafsi”, maana punje zote ni zake, kalipia sokoni. Wala hasemi “punje moja”, ambalo ndilo kosa lako wewe; mtu aliyeweka punje moja kwenye ungo mzima akaiinamia kwa makini, majirani wataanza kumsikitikia.

Kiswahili hugawa kwa kurudia. Wageni waliingia wawili wawili. Chukueni kidogo kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Nomino ikae katika wingi, -moja ibaki na upatanisho wa umoja: watu mmoja mmoja, vitabu kimoja kimoja, seli moja moja. Ngeli ya seli haionyeshi mabadiliko yoyote, kwa hiyo mwenye haraka hudhani “moja” ya pili ni kosa la uchapaji, akaifuta. Akishaifuta, anabaki na seli moja, na kiumbe cha seli moja ni amiba. Muhtasari wako, kama ulivyoandikwa, unamwahidi mfadhili mashine ya amiba.

Na katika fani hii, hiyo “moja” ya pili ndiyo habari yenyewe. Ukisaga seli milioni kwa pamoja ukapima protini fulani, unapata wastani. Nusu yake zikiwa na molekuli 100 na nusu zikiwa hazina hata moja, mashine itakupa 50, idadi ambayo haimo katika seli yoyote uliyosaga.

Njia mojawapo ya kukwepa hilo ni sitometria ya tungamo, yaani kupima seli kwa spektrometria hiyo, ambayo kundi la Chuo Kikuu cha Toronto liliichapisha 2009. Seli hupakwa kingamwili, protini ambazo kila moja hunata kwenye shabaha yake, zilizobeba metali za jamii ya lanthanidi, kila kingamwili na isotopu yake, yaani atomu za tungamo lake. Kisha hunyunyizwa na kuingia kwenye plazma ya agoni, gesi yenye joto kali sana, moja moja, mfano wa abiria kwenye mlango wa daladala kondakta akiwa mkali. Kila moja huungua, huwa wingu la ayoni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, linalodumu sehemu ndogo ya milisekunde, na kigunduzi huhesabu metali zake. Kabla ya kuingizwa, seli huchujwa kwa wavu wenye matundu ya mikromita 35 hivi, kwani mabonge huziba kinyunyizio. Na huoshwa chumvi, la sivyo chumvi hujikusanya kwenye koni za mashine. Kimiminika kikiwa kizito kwa seli, mbili huingia pamoja na kusomwa kama moja yenye sifa za zote mbili. Ndiyo maana DNA hutiwa metali ya iridiamu: ishara ya iridiamu ikija maradufu, tukio hilo hushukiwa na kutupwa, ingawa seli iliyo karibu kugawanyika nayo hubeba DNA maradufu, ikabidi iangaliwe pia muda ambao ishara imechukua.

Wanaotaka protini zenyewe, bila kingamwili, wana shida nyingine. Seli ya mamalia ina protini ya pikogramu 200 hivi, na peptidi, yaani vipande vya protini, hupenda kung’ang’ania ukuta wa plastiki. Ukizitayarisha kwenye mikrolita 50, unaweza kubaki na kirija kilichopakwa peptidi vizuri sana na mashine isiyoona kitu. Kwa hiyo 2018 watafiti wa maabara ya Pacific Northwest huko Marekani walizitayarisha ndani ya matone ya chini ya nanolita 200 juu ya kioo, hewa ikitiwa unyevu ili tone lisikauke kabla ya tripsini, kimeng’enya kinachokata protini, kumaliza kazi.

Mwaka huohuo kundi la mtafiti Nikolai Slavov, Boston, likaja na ujanja ambao unamaliza kabisa ubishi wa “binafsi”. Peptidi za kila seli hupewa lebo ya kemikali, kisha zote huchanganywa, pamoja na za seli 200 za kubebea ambazo kazi yake ni kuipa mashine kitu cha kutosha kutambua peptidi. Ukizidisha seli hizo za kubebea, ayoni zake hujaza nafasi na vipimo vya seli unazozitaka huharibika. Lakini zingatia: zimo chungu kimoja, na bado zinasomwa moja moja, kwa lebo zake. Ubinafsi uko wapi hapo?

Kuhusu “uzito”, nitakuwa mfupi. Seli haipandi mizani. Imeshapasuliwa au kuunguzwa. Kinachosomwa ni uwiano wa tungamo kwa chaji ya ayoni. Peptidi ya daltoni 2,000 (daltoni ni kipimo cha tungamo la molekuli) ikibeba protoni mbili huonekana kwenye 1,001. Ikibeba tatu, karibu na 668. Muuza viazi mwenye mizani ya namna hiyo angeshafukuzwa sokoni. Andika tungamo. Ukipenda “masi”, sitakufuata nyumbani. Wengi wanalitumia na halimdhuru mtu.

Sentensi yako basi: “Mradi unaunda vifaa vya spektrometria ya tungamo vya kuchambua protini za seli moja moja.” Ukitaka kuunganisha, “mojamoja”, ruksa. Mhariri akirudisha “binafsi”, mwombe akuandikie jina la mwenye seli, na namba ya simu.