Kabla hujaunga kontrola ya baiskeli ya umeme na betri, shika mita ya kupimia volti

Kontrola yangu ya kwanza, kile kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota, iliungua kabla baiskeli haijasogea hata hatua moja. Nilikuwa nimenunua mota ya gurudumu la nyuma ya wati 1,000, betri ya volti 48 na kontrola ya ampia 25, nikitaka kuachana na nauli za daladala kati ya Pongwe na Tanga mjini. Betri ilikuja na plagi ya XT60. Kontrola ilikuwa na nyaya tupu, kwa hiyo nikanunua plagi ambayo tayari imelehemiwa nyaya zake mbili. Nikaunga mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, nikachomeka. Ukasikika mlio kama fataki, ikafuata harufu ambayo ukishainusa huisahau.

Aliyeifunga ile plagi alikuwa amegeuza rangi. Nilipoipeleka kontrola kwa mzee mmoja fundi redio pale Ngamiani, hakuniuliza nimefanya nini. Aliniuliza, "Mwanangu, ulipima?" Sikuwa nimepima.

Chanya na hasi zikigeuka, transista, zile swichi ndogo za ndani ya kontrola, haziwezi kuzuia chochote. Umeme unapita moja kwa moja kupitia dayodi (njia za umeme za upande mmoja) zilizomo ndani yake, na kwa betri hali hiyo ni shoti, sawa na chanya na hasi kugusanishwa. Fyuzi mara nyingi haiwahi kuziokoa. Kwa hiyo sasa natazama alama za + na − zilizochongwa kwenye mwili wa plagi, kisha napima kwa mita, kila upande, hata kama plagi nimeilehemu mwenyewe jana usiku.

Mita hiyohiyo itakwambia betri yako ni ya aina gani, maana neno "volti 48" linabeba mambo mengi. Betri ya lithiamu ayoni yenye seli 13 zilizofuatana ikijaa inafika volti 54.6. Ya lithiamu chuma fosfeti yenye seli 16 inachajiwa hadi 58.4, nayo pia huuzwa kwa jina la 48. Kontrola nyingi za volti 48 zina kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme kwa muda, za kikomo cha volti 63. Hapo nafasi iliyobaki ni ndogo, na seli 17 za lithiamu ayoni zingeipita kabisa. Ifungue kontrola usome kapasita; ni skrubu chache tu.

Angalia pia BMS, ile bodi inayolinda seli ndani ya betri. Kontrola ya ampia 25 inataka BMS ya ampia 30 au zaidi, la sivyo betri itajikatia umeme mlimani, pale unapouhitaji kweli.

Nyaya nazo zina mambo yake. Usitumie waya wa nyumba wenye nyuzi chache nene. Mtikisiko wa barabara utaukata taratibu ndani ya ganda lake usione. Mimi natumia waya wa sola wa milimita 4 za mraba, wenye nyuzi nyingi nyembamba, na naufupisha niwezavyo. Ukifanya kazi upande wa betri, usikate nyaya zote mbili kwa pamoja. Koleo lako litaziunganisha na utapata shoti mkononi. Kata mmoja, ufunge kwa utepe, ndipo uguse wa pili. Pete na saa ya chuma ziwe mfukoni.

Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, ili waya ukichunika popote mbele yake uwe na ulinzi. Hapa wengi wetu tunakosea, kwa sababu tunachukua fyuzi bapa ya gari iliyo karibu. Nyingi zimeandikwa volti 32. Ikikatika kwenye volti 54, umeme wa betri, ambao haupandi na kushuka kama wa nyumbani, unaweza kuendelea kuruka pengo kwa moto. Swichi ya kukatia umeme ya nyumbani nayo haikutengenezwa kwa kazi hii. Nenda duka la sola, uombe swichi ya kukatia umeme ya DC, yaani ya umeme wa aina ya betri, ya ampia 32 yenye volti za kutosha, uifunge kwa kufuata alama zake za chanya na hasi.

Sasa cheche. Hata ukiwa umefunga kila kitu sawasawa, plagi italia "ta!" unapochomeka. Kapasita zikiwa tupu zinavuta umeme wote zinaoweza kwa nukta moja ya muda. Kontrola haifi kwa hilo, lakini shaba ya plagi inaliwa kila siku, inakuwa nyeusi, mwisho inapata joto. Dawa yake ni kipingamizi, kifaa kidogo kinachobana umeme unaopita, cha omu 100. Zima swichi ya kuwashia, yaani ule waya mwembamba mwekundu wa kontrola usiwe na umeme. Unga hasi kwanza, kisha gusisha chanya kwa chanya kupitia kipingamizi kwa sekunde mbili, halafu chomeka upesi. Kwa volti 54.6 kinapita takriban nusu ampia tu. Kama hutaki kazi hii kila asubuhi, plagi ya XT90-S imewekewa kipingamizi ndani yake.

Mara ya kwanza washa gurudumu likiwa juu, halijagusa ardhi, na ongeza eksileta kidogo kidogo. Likigoma kuzunguka hata kwa mkono wakati umeme umezimwa, chomoa zile nyaya tatu nene za mota. Likilegea hapo, transista za kontrola zimeshapiga shoti.

Likizunguka vizuri, endesha kilomita moja, simama, shika plagi na kila kiungo ulicholehemu. Vuguvugu si neno. Kiungo kikikuchoma vidole, kilehemu upya kabla ya kwenda popote.