Timu ikihama, anayeachwa ni yule aliyekuwa akienda uwanjani kwa miguu

Ndugu yangu wa Kondele, umeuliza: kwa kuwa sasa Kisumu ina uwanja wa Mamboleo, kwa nini Gor Mahia, klabu ya soka yenye asili ya Waluo, isifunge virago Nairobi ihamie huko moja kwa moja, na je, mashabiki wa Nairobi watapoteza nini hasa ilhali mechi zote siku hizi zinafuatiliwa kwenye simu? Waliotangulia wamekujibu kwa mistari miwili miwili. Wengine "irudi nyumbani", wengine "wafadhili hawatakubali". Mimi si mtu wa Gor. Mimi ni mtu wa Nakuru, na timu yangu ni Ulinzi Stars. Hicho unachokitamani nimekiishi kutoka upande wa pili, upande wa mji ambao timu iliondoka. Nitajibu kwa urefu, univumilie.

Ulinzi ni timu ya jeshi, iliundwa mwaka 1995, na wachezaji wake ni wanajeshi. Kwa miaka mingi nyumbani kwake kulikuwa uwanja wa Afraha, hapa Nakuru. Mimi nilikuwa nakaa Bondeni. Siku ya mechi nilikuwa nafunga kazi saa nane, nanawa mikono, namchukua kijana wangu, tunatembea. Dakika ishirini, pengine na kidogo kama tumesimama kununua njugu. Njugu zenyewe zilikuwa za mama mmoja aliyekaa karibu na lango, anazifunga kwa karatasi za madaftari ya shule, na ukimaliza kula unasoma hesabu za mtoto wa watu pamoja na alama za mwalimu. Mama huyo alijua ratiba ya ligi kuliko mimi. Wiki ambayo Ulinzi ilikuwa nyumbani alikaanga ndoo mbili, wiki ya ugenini nusu ndoo.

Tulikuwa na pahali petu kwenye ngazi za saruji, upande ambao jua la saa kumi halikupigi machoni. Hakuna aliyekuwa na tiketi ya kiti, lakini kila mtu alijua pake. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akija na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, anasikiliza matokeo ya viwanja vingine na kututangazia. Yeye ndiye aliyenisimulia Nakuru AllStars, timu iliyochukua ubingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya taifa mwaka 1963, kisha ikauchukua tena 1969. Vijana wengi wa mji huu hawajui hilo. Mimi pia sikulijua mpaka nilipokaa karibu na yule mzee, na nisingekaa karibu naye kama hakungekuwa na mechi.

Ikipigwa kona, sisi wa upande ule tulikuwa tunagonga vyuma vya kizuizi kilicho mbele ya jukwaa. Taratibu kwanza, halafu kwa kasi, halafu mpira ukiinuka kimya. Sijui nani alianzisha. Nilikuta inafanywa, na kijana wangu akajifunza kabla hajajua kusoma.

Kuna jambo moja ambalo watu wa nje ya Nakuru hawaliweki kwenye hesabu. Mji huu uliumia sana Januari 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi. Baada ya hapo tuliishi muda mrefu tukiangaliana kwa jicho la pembeni. Ulikuwa unajua mtaa gani upite na upi usipite jioni. Ulinzi haikuwa timu ya kabila lolote. Wachezaji walitoka kila pembe ya nchi kwa sababu jeshi ndivyo lilivyo. Pale Afraha hukujua jirani yako ni wa wapi mpaka refa akose kumpa penalti, akamlaani kwa lugha ya mama yake. Mwaka 2010 tulipochukua ligi, ubingwa wa nne baada ya ile mitatu mfululizo ya 2003, 2004 na 2005, nilikumbatiwa na mtu ambaye miaka miwili kabla yake nisingethubutu kusimama naye kituo kimoja cha matatu. Mikutano ya amani ilikuwapo mingi, na mingine ilifanyiwa uwanjani humohumo. Lakini nikiulizwa ni wapi nilianza tena kukaa na watu bila kuwahesabu, jibu langu ni mechi za Jumamosi.

Kisha mambo yakabadilika polepole. Afraha ikaingia kwenye ukarabati. Timu ikacheza kwa muda uwanja wa maonyesho ya kilimo, nasi tukaifuata huko. Desemba 2021 Nakuru ikapewa hati ya kuwa jiji. Na huko Lang'ata, Nairobi, jeshi likawa limejenga uwanja wake wenyewe, uwanja mzuri, na timu ikaenda kwake. Simlaumu mtu. Timu ni ya jeshi, uwanja ni wa jeshi, na yeyote mwenye nyumba yake haendelei kupanga. Ila mechi yangu ya mwisho hapa nilitoka uwanjani dakika ya themanini na tano kuiwahi mvua, kwa sababu sikujua kwamba ni ya mwisho. Dakika tano zile bado zinaniuma.

Sasa nije kwenye swali lako la simu. Nilidhani kama wewe. Nilisema moyoni, Nairobi ni kilomita mia na sitini tu, barabara ni nzuri, na matokeo yako mfukoni. Nikaenda Lang'ata mara moja na kijana. Tulitoka Nakuru saa mbili asubuhi, tukashuka katikati ya Nairobi, tukapanda matatu nyingine, tukala chakula cha hotelini kwa sababu hatukuwa na budi. Tulirudi nyumbani saa nne usiku. Nauli zetu wawili, kiingilio na chakula vilikula pesa ambazo Afraha zingenitosha karibu nusu msimu. Timu ilicheza vizuri, sina lalamiko. Dakika za mwanzo tukapata kona, nami bila kufikiri nikaanza kugonga upande wa kiti. Kijana akagonga. Hakuna mwingine aliyegonga. Watu wa pale wana namna yao ya kushangilia, nzuri tu, na siku ile ndiyo niliyoelewa kwamba timu ilihama na jezi na kombe zake, lakini ile kona yetu haikuhama. Ilibaki Nakuru bila mpira wa kupigiwa.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili. Timu ikihama, haimwachi shabiki wa redio na simu. Huyo atabaki nayo hata ikihamia Mandera. Inamwacha aliyekuwa akienda kwa miguu: mtoto ambaye mama hamruhusu kupanda matatu peke yake, mzee wa redio, mwuza njugu, fundi anayefunga kazi saa nane. Ukitaka kujua uhamisho utamgharimu nani, uliza tu ni nani anafika uwanjani bila nauli.

Sasa tumpime Gor kwa kipimo hicho. Mnasema "irudi nyumbani", lakini Gor haikuwahi kukaa Kisumu ikaondoka. Iliundwa Nairobi mwaka 1968, na hata jina ni la mganga wa Kanyamwa, upande wa Homa Bay. Ilikuwa timu ya watu walioacha nyumbani kutafuta riziki: watu wa reli, wa posta, wa viwandani. Ndugu zao wa Abaluhya, ambao leo ni AFC Leopards, walikuwa wameanza 1964 kwa njia hiyohiyo. Nenda pale City Stadium, uwanja ambao siku hizi una jina la mwanasoka Joe Kadenge, utazame pembeni mwake: Kaloleni, Makongeni, mitaa ya vibarua na wafanyakazi. Mtu aliyekuwa akilala chumba kimoja na binamu zake wanne, Jumapili alitoka kwa miguu akaenda kusikia lugha yake ikiimbwa na watu elfu kadhaa. Kombe la Afrika la Washindi la 1987, ile sare ya 2-2 kule Tunis na 1-1 Kasarani, lilichukuliwa na timu ya watu wa namna hiyo. Ukiitoa Gor Nairobi hujairudisha nyumbani. Umewaondolea walio mbali na nyumbani kile kilichowafanya wasijihisi mbali.

Najua utaniambia: na mtoto wa Manyatta, hapo Kisumu, je? Yeye anazaliwa ndani ya K'Ogalo, kama Gor inavyoitwa kwa utani, anavaa kijani tangu mchanga, na anaiona timu mara mbili kwa mwaka ikiwa ana bahati. Hapo umenishika, na sitajifanya kwamba hoja hiyo ni nyepesi. Mtoto huyo naye angeenda Mamboleo kwa miguu. Nilichokipoteza mimi ndicho unachotaka apewe yeye. Lakini ili apate, kuna mtoto wa Kibra, Nairobi, ambaye leo anatembea hadi uwanja wa Nyayo, naye atafanywa nilivyofanywa mimi. Siwezi kukubali hilo huku najua linavyouma.

Ninachokubali, na ningekitetea hata mbele ya viongozi wa klabu, ni mechi kadhaa za nyumbani kila msimu zipangiwe Kisumu, zitangazwe kabla msimu haujaanza. Zikitangazwa mapema, shabiki wa Nairobi anajua Jumapili zipi ni zake, na wa Kisumu anajua zipi za kuwekea akiba. Mara nyingi timu zetu huja Kisumu, Kakamega au Machakos kwa kufukuzwa, kwa sababu uwanja wa Nairobi umefungwa, na tangazo linatoka siku tatu kabla. Hiyo ni kutangatanga. Inawachosha wa Nairobi na haiwajengi wa Kisumu.

Mmoja hapa ameleta mfano wa Uingereza, nami nauongezea kwa sababu aliukatiza. Wimbledon ya kusini mwa London ilipewa ruhusa ya kuhamia Milton Keynes, kama kilomita tisini kutoka kwao, ikahamia 2003. Mashabiki hawakungoja. Mwaka 2002 waliunda klabu yao, AFC Wimbledon, wakafanya majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi wa mtaa, wakaanzia ligi za chini kabisa. Mwaka 2011 wakaingia ligi za kulipwa, na Novemba 2020 wakarudi Plough Lane, mtaa waliotokea. Kilomita tisini ziliwafanya waunde timu upya. Mimi nilipewa mia na sitini nikanunua bando ya intaneti. Nimelifikiria hilo sana.

Na huku kwetu, upande wa magharibi mwa nchi, kuna njia nyingine ya kupoteza timu ambayo ni mbaya kuliko kuhama. SoNy Sugar ya Awendo, timu ya kiwanda cha sukari, ilikuwa bingwa 2006. Mwaka 2019 ilitolewa ligi kuu baada ya kushindwa kufika mechi tatu. Chemelil, nayo ya kiwanda cha sukari, ikashuka mwaka uliofuata. Timu za miwa zilikuwa imara kiwanda kilipokuwa imara. Hazikuhama popote, zilififia palepale, na waliokuwa wakitembea kutoka kambi za wafanyakazi kwenda kuzitazama hawana hata mahali pa kuzifuata.

Ndiyo maana nakuuliza jambo, na naliuliza kwa heshima. Kisumu All Stars ilipopanda ligi kuu mwaka 2019, ulikwenda mara ngapi? Nilikuwa huko kikazi msimu ule nikaenda kuitazama, na tuliokuwa jukwaani tungeweza kusalimiana wote kwa mkono kabla ya mapumziko. Timu iliyokuwa ya mji wenu, inayofikika kwa miguu, isiyoweza kudaiwa na Nairobi. Mtoto wa Manyatta angeipata ile kila wiki mbili. Kama mji mzima unaingoja Gor iletwe, zile zilizopo zitakufa zikiwa zinaangaliwa.

Mimi siku hizi Jumapili nakwenda kutazama ligi ya chini hapa Nakuru, kwenye viwanja vya shule. Hakuna jukwaa, tunasimama kwenye mstari, na refa akikosea anasikia kila neno. Kijana wangu ni mkubwa sasa, anacheza beki wa kulia kwenye moja ya timu hizo. Mwezi uliopita walipata kona dakika za mwisho, na mimi na watu wengine watatu tuliotoka Afraha tukajikuta tunagonga nguzo ya wavu wa voliboli iliyokuwa karibu nasi. Taratibu, halafu kwa kasi. Vijana wa upande ule wakageuka kututazama. Wiki iliyofuata walikuwa wanagonga nao.