Kurekodi na wanafunzi: ukirekodi vizuri, kuhariri ni kazi ndogo

Mwalimu, umeuliza programu ipi itafaa darasa la wanafunzi 40 wenye kompyuta chache, na kwa nini sauti zao bado hazieleweki hata baada ya kusafishwa. La kwanza ni jepesi: tumia Audacity. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na ukishaiweka haihitaji intaneti.

La pili ndilo lenye uzito. Kichujio cha kelele hufanya kazi kwa kujifunza sampuli: unachagua sekunde mbili tatu ambazo hakuna anayeongea, kinasoma kelele iliyomo, kisha kinaipunguza kwenye rekodi nzima. Kwa hiyo kinaweza mngurumo usiobadilika, kama wa feni. Mwangwi wa kuta, viti vinavyoburutwa na makelele ya nje hakiviwezi, kwa sababu hubadilika kila mara. Anza na kupunguza desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 12 au chini yake. Ukizidisha, sauti ya mtoto inakuwa kama inatoka majini. Na kila rekodi ianze na sekunde tatu za ukimya, la sivyo utakosa sampuli.

Mwangwi unautibu kabla ya kurekodi. Usirekodi katikati ya darasa, hamia kona yenye mapazia, mabegi au rafu za vitabu. Maikrofoni iwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, imeelekezwa pembeni kidogo ili pumzi ya “p” na “b” isiipige moja kwa moja. Msomaji asome kwanza sentensi yake ya sauti kubwa kuliko zote, nawe urekebishe kiwango mpaka vilele vya mawimbi ya sauti vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Vikigonga 0, mawimbi yamekatwa vichwa na hakuna kichujio kitakachovirudisha kama vilivyokuwa. Rudieni.

Rekodi kwa mono, yaani njia moja ya sauti badala ya mbili za stereo. Maikrofoni ni moja, stereo inaongeza ukubwa wa faili mara mbili bila faida yoyote.

Wagawe wannewanne: msomaji, mtazama kipimo cha sauti, mfuatiliaji wa maandishi, na mlinzi wa ukimya. Wabadilishane. Msomaji akikosea asisimamishe rekodi. Apige kofi moja, anyamaze kidogo, arudie sentensi tangu mwanzo. Kofi linaonekana kama mwiba kwenye mchoro wa sauti, kwa hiyo mhariri anajua pa kukata bila kusikiliza dakika zote. Mbinu hii peke yake inaokoa muda mwingi.

Wakati wa kukata, kata ndani ya ukimya, kamwe si katikati ya neno, na pumzi za kawaida ziachwe. Msomaji asiyevuta pumzi anachosha masikio. Ukisikia mlio mdogo wa “tik” penye mkato, rudi nyuma kwa Ctrl+Z, chagua kipande kilekile, bonyeza Z ili mipaka isogee pale wimbi linapopita kwenye mstari wa sifuri, kisha futa. Na kama menyu za vichujio zimefifia, huenda rekodi bado inaendelea au imesitishwa kwa muda tu: bonyeza kitufe cha kusimamisha kabisa.

Kazi nyingi hupotea kwenye kuhifadhi. Faili ya mradi, yenye mwisho .aup3, hufunguka ndani ya Audacity tu, simu haiichezi. Matoleo ya kabla ya 3.0 yalikuwa na faili ya .aup pamoja na folda ya data, na anayenakili faili bila folda anabaki na mradi usio na sauti. Wafundishe kutoa nakala mbili: WAV ya kuhifadhi, kama MB 5 kwa dakika ya mono, na MP3 ya kbps 64 (kilobiti kwa sekunde) ya kutumiana, kama nusu MB kwa dakika.

Muziki wa nyuma uwe chini ya sauti ya msomaji kwa desibeli 15 hadi 20. Ujaribuni kwenye spika ya simu. Maneno yakimezwa, ushusheni desibeli 3 zaidi.